Tusitoe Ufunguo wa Nyumba Nzima



Daftari la wanachama, wa kiwandani na wa shamba la chai, siku hizi hutunzwa ndani ya kompyuta ya ofisi. Kijana mtunga programu akija kututengenezea hesabu za michango, huweka humo chombo chake cha kazi, kama Visual Studio Code ya kampuni ya Microsoft. Mara kioo kinauliza: je, programu hii iruhusiwe kuingia katika folda ya Documents? Wengi hubonyeza ndiyo ili kazi iendelee.

Tulielewe swali hilo. Katika kompyuta za Mac, tangu mfumo wa Catalina wa mwaka 2019, programu hulazimika kuomba ruhusa kabla ya kuingia Desktop, Documents au Downloads. Ruhusa hiyo si ya faili moja. Ukikubali Documents, umefungua yote yaliyomo: barua, mashauri, majina ya wanachama. Tena, amri zinazoendeshwa ndani ya chombo hicho, hata zilizotungwa na watu tusiowajua, hupita kwa ruhusa ileile. Ni kama kumfungulia fundi mmoja stoo, akaingia na vibarua wake wote.

Majina hayo yakimfikia mwajiri mbaya kabla chama hakijatambuliwa, wenzetu watafukuzwa kazi.

Basi tufanye hivi:

1. Kazi ya kijana iwe katika folda yake peke yake, nje ya hizo tatu. Huko chombo chake hakihitaji ruhusa. Daftari letu libaki Documents, kwa maana folda ya nje haina mlinzi huyo. Kwa majaribio tumpe majina ya kubuni.

2. Swali likitokea, tumuulize: unataka faili gani, kwa kazi gani? Asipokuwa na jibu, tukatae. Ruhusa yaweza kutolewa baadaye.

3. Kazi ikiisha, tufungue System Settings, kisha Privacy & Security, kisha Files & Folders, tuizime ruhusa tuliyotoa.

4. Papo hapo pana Full Disk Access. Huo ndio ufunguo wa nyumba nzima, pamoja na barua pepe na nakala za akiba. Tusiutoe kwa kuchoka kuulizwa.

Fundi tunamheshimu na kazi yake tunaihitaji. Lakini daftari ni mali ya wanachama, nasi tumekabidhiwa kulilinda.

Umoja ni nguvu.