Mbwa Akijiburuta, Usikimbilie Kumkamua

Mbwa akikaa chini na kujiburuta kwa matako uani, hukumu ya kwanza katika mji wa Wote, Makueni, na vijiji vinavyouzunguka ni minyoo. Dawa hununuliwa agroveti, mbwa humezeshwa, na tatizo likirudi baada ya wiki chache hutafutwa mtu wa kumkamua tezi. Hatua zote mbili zina mahali pake. Lakini tezi zinazojaa tena na tena zinatuambia kuna kitu kingine kinachozichokoza, na kitu hicho mara nyingi kiko kwenye ngozi au kwenye sahani. Kumkamua mbwa kila mwezi bila kukitafuta ni kumwacha ateseke, ilhali chanzo kinaweza kutafutwa hata katika nyumba isiyo na pesa nyingi.

Tezi hizo ni vifuko viwili vidogo ambavyo kila mbwa anavyo kando ya tundu la haja kubwa, pale ambapo namba 4 na namba 8 zingekaa kwenye uso wa saa. Vinahifadhi majimaji yenye harufu kali, ambayo mbwa hutumia kutambuana. Kinyesi kigumu kiasi kikipita, huvibana vikajimwaga vyenyewe. Kinyesi kikiwa laini kwa siku nyingi, shinikizo hilo hupotea. Na ngozi ya hapo ikivimba kwa mwasho, kijia cha kutokea huziba, majimaji huwa mazito, vijidudu huzaliana, na mwishowe jipu hupasuka kando ya tundu. Kumkamua mbwa ambaye tezi zake ni nzima kunaweza kuleta uvimbe ambao haukuwapo, ndiyo maana sikubaliani na wanaokamua kama desturi.

Wanaoshuku minyoo hawajakosea kabisa. Vipande vya tegu vinavyofanana na punje za mchele hutambaa kwenye manyoya ya chini ya mkia na kuwasha. Tegu huyo, Dipylidium caninum, humwingia mbwa anapomeza kiroboto wakati wa kujitafuna, na dawa nyingi za kawaida za minyoo hazimmalizi. Tafuta jina la praziquantel kwenye pakiti. Viroboto wakiachwa kwenye manyoya na mahali anapolala, tegu atarudi. Viroboto wenyewe pia husababisha aleji, hasa juu ya mgongo karibu na mkia. Kwa hiyo hao ndio wa kuondolewa kwanza, kabla mtu hajaanza kulaumu chakula.

Viroboto na tegu wakishaondoka, na mbwa bado anajiburuta, analamba nyayo, masikio yanawasha mwaka mzima na kinyesi ni laini, hapo chakula kinastahili kushukiwa. Wengi hulaumu ugali. Mwaka 2016 watafiti Mueller, Olivry na Prélaud walikusanya taarifa za karibu mbwa 300 waliothibitishwa kuwa na aleji ya chakula: nyama ya ng'ombe iliongoza kwa asilimia 34, ikifuatwa na maziwa asilimia 17, kuku 15 na ngano 13. Mahindi yalikuwa nyuma sana. Tahadhari inahitajika hapa, kwa sababu takwimu hizo zinatoka nchi ambako mbwa hawali ugali kila siku kama wa Makueni, na mwili hukataa kile ulichozoea kukutana nacho. Hata hivyo, mchuzi wa mifupa, maziwa yaliyobaki na vipande vya chapati vichunguzwe kabla ya sima.

Uchunguzi wenyewe ni wa jikoni. Vipimo vya damu vinavyouzwa kwa ajili ya aleji ya chakula haviaminiki. Kinachoaminika ni kumlisha mbwa kwa wiki 8 nyama moja na wanga mmoja ambavyo hajavizoea, kisha kumrudishia chakula chake cha zamani. Zaidi ya mbwa tisa kati ya kumi wenye aleji hupata nafuu ndani ya muda huo, na mwasho ukirudi baada ya chakula cha zamani, jibu limepatikana. Nyumba inayompa mbwa mabaki ya ng'ombe inaweza kujaribu sungura na viazi vitamu vilivyochemshwa, bila chumvi wala vitunguu, ambavyo ni sumu kwa mbwa. Mlo mfinyu hivi haumfai mtoto wa mbwa wala jike mwenye mimba. Na mlo huo usiwe nafasi ya kumaliza mahindi yaliyoota ukungu: mwaka 2004 aflatoksini, sumu ya ukungu, iliua watu 125 kati ya 317 waliougua, wengi wao Makueni na Kitui, na ini la mbwa huharibiwa na sumu hiyohiyo.

Atauliza mtu: huyu ni mlinzi wa boma, kwa nini agharamiwe hivi? Kwa sababu mbwa mwenye maumivu huuma anayemgusa, hasa mtoto. Makueni ni miongoni mwa kaunti zilizoteuliwa kuanza mpango wa kitaifa wa kukomesha kichaa cha mbwa, uliozinduliwa 2014 kwa lengo la 2030, na kila kuumwa kunamaanisha kuosha jeraha kwa sabuni na maji dakika 15 kisha kwenda hospitali. Mwingine atasema mbwa wa kienyeji hana aleji. Mbegu hubadilisha uwezekano tu. Haimpi mbwa yeyote kinga. Pingamizi lenye uzito ni kwamba mbwa wetu huzurura. Anayekula buchani na kwa jirani hawezi kupimwa chakula, na hilo ndilo gumu kuliko gharama: afungiwe uani wiki hizo zote, na watoto waambiwe wasimtupie kipande.

Yapo mambo yasiyongoja wiki 8. Uvimbe mwekundu upande mmoja, damu, usaha, au mbwa anayelia akienda haja, vinamhitaji daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Mbwa mzee mwenye donge gumu kwenye tezi apelekwe pia hata kama hajiburuti, kwani saratani ya tezi hizo ipo, na hakuna mlo utakaoipunguza.