Majilio, msimu tunaouruka

Kila mwaka, hata kabla ya mwezi wa Novemba kumalizika, nyimbo za Krismasi huanza kuhanikiza katika maduka makubwa ya Nairobi, Kisumu na Mombasa. Vipande vya pamba hubandikwa madirishani kuigiza theluji ambayo wengi wetu hatujapata kuigusa, na nauli za mabasi ya kwenda mashambani hupanda kabla ya abiria kufungasha virago. Ukimwuliza mpita njia huu ni msimu gani, atakujibu bila kusita kwamba ni Krismasi. Ama kwa hakika, si Krismasi bado. Kwa mujibu wa kalenda ya Kanisa, huo ni wakati wa Majilio, nao una kazi yake, rangi yake na hekima yake. Tumeuruka wakati huo kama mtu arukaye kidimbwi njiani, na hasara tuliyoipata ni kubwa kuliko tunavyodhani.

Majilio huanza Jumapili iliyo karibu zaidi na sikukuu ya Mtakatifu Andrea, tarehe 30 Novemba, yaani kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba. Yana Jumapili nne, na kwa kuwa hukoma mkesha wa Krismasi, huweza kuwa na siku 22 katika mwaka mmoja na 28 katika mwaka mwingine. Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri ni miongoni mwa wanaoyaadhimisha. Padri huvaa zambarau, rangi ya toba, na Jumapili ya tatu anaweza kuvaa waridi kuashiria kwamba furaha imekaribia. Desturi yenyewe ni kongwe. Katika karne ya 5, Askofu Perpetuus wa Tours, katika nchi tuiitayo leo Ufaransa, aliwaagiza waumini wafunge siku tatu kila juma kuanzia sikukuu ya Mtakatifu Martin, tarehe 11 Novemba, hadi Krismasi. Waorthodoksi hufunga siku 40 hata sasa. Palipokuwa na mfungo, basi, sisi tumetandika karamu.

Makanisa mengi ya kipentekoste hayaifuati kalenda hii, nami siandiki kuyalaumu. Nazungumza na sisi tunaodai kuifuata, ambao tukitoka kanisani Jumapili ya kwanza ya Majilio, tumeshaisahau zambarau kabla ya kufika langoni.

Kwa kuwa kazi yangu ni kuchunguza lugha, msomaji ataniwia radhi nikianzia katika neno lenyewe. Shina la neno majilio ni kitenzi -ja. Kitenzi hiki kikinyambuliwa katika kauli ya kutendea, huwa -jia, kama tusemapo, 'Mgeni amenijia'. Kikiongezewa tena kiambishi cha kutendea, huwa -jilia, yaani kumjia mtu kwa ajili ya jambo fulani. Tukitanguliza ma- na kumalizia kwa -o, kama ilivyo katika mazungumzo na maendeleo, tunapata majilio. Waliolichagua neno hili wangeweza kutosheka na ujio, ambalo latosha kabisa kuifasiri adventus ya Kilatini. Lakini ujio huweza kuwa wa mvua, wa nzige au wa reli. Majilio yana mlengwa. Anayekuja anamjia mtu, tena ana haja naye.

Maana hiyo ya kisarufi yaafikiana na mafundisho ya kale ya Kanisa. Katika ibada ya Kirumi, masomo na sala za Majilio hadi tarehe 16 Desemba huelekeza macho zaidi kwenye kurudi kwa Kristo siku ya mwisho. Kuanzia tarehe 17 ndipo Bethlehemu inapokaribia. Bernard wa Clairvaux, mtawa wa karne ya 12, aliongeza ujio wa tatu, ulio kati ya hiyo miwili: Kristo kumjia mtu rohoni mwake, sasa, pasipo tarumbeta wala nyota. Ujio wa kwanza umepita, na wa mwisho hatuujui siku wala saa. Huu wa katikati ndio unaotudai kitu leo.

Unatudai nini? Watatuambia ni kungoja. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea, kwa sababu kungoja kwetu kumekuwa sawa na kukaa bure. Twangoja basi, twangoja foleni isogee, twangoja serikali. Mikono imekunjwa, macho yako kwenye simu.

Hebu tuzitazame lugha zetu nyingine za Kibantu. Kitenzi linda, ambacho katika Kiswahili ni kuhifadhi kitu kisiharibiwe wala kuibwa, katika Kiganda ndicho kitenzi cha kungoja. Mganda akikuambia 'linda', hajakukabidhi ng'ombe; anakuomba umngoje. Katika Kizulu, maelfu ya kilomita kusini mwetu, neno hilohilo hubeba maana zote mbili, kungoja na kulinda. Mzizi ni mmoja, na ni wa kale mno. Inaonekana kwamba mababu waliotuachia lugha hizi hawakuona mpaka kati ya mtu angojaye na mtu alindaye. Angojaye yuko macho. Ana kitu mkononi mwake ambacho hapaswi kukiacha kipotee hadi mwenyewe atakapofika.

Si ajabu, basi, kwamba mwandishi wa Zaburi ya 130, alipotafuta mfano wa nafsi inayomngoja Mungu, aliwataja walinzi wanaoitazamia asubuhi. Nami siku hizi siwezi kuisoma zaburi hiyo bila kumkumbuka bawabu wa mtaa tunamoishi. Wakati sisi tunapofunga milango na kusafiri kwenda kula sikukuu kijijini, yeye hubaki langoni na koti lake zito na chai yake ndani ya chupa. Wanawe wako mbali na hatawaona hadi Januari. Katika mtaa mzima, pengine ni yeye peke yake anayeyatimiza Majilio barabara, ijapokuwa hakuna aliyemwuliza kama mshahara wake wa Desemba umelipwa.

Somo hili sikulipata chuoni. Mwaka mmoja, nilipokuwa nikiandika tasnifu yangu ya uzamifu, nilimwahidi mama kwamba ningefika nyumbani, magharibi mwa nchi, tarehe 20 Desemba. Tarehe hiyo ilipofika, nilimpigia simu nikasema ni kesho kutwa. Kesho kutwa nikasema ni Jumamosi. Nilikuwa na sura moja isiyokamilika, na niliona kwamba mama, ambaye hakuwa na haraka ya kwenda popote, angeweza kunisubiri. Niliwasili tarehe 27, Krismasi imekwisha kupita. Nilikuta kuta zimekandikwa upya kwa udongo mwekundu, ua umefagiwa ukaonyesha mistari ya ufagio, na jogoo amefungwa mguu chini ya ghala, angali hai. Jirani mmoja aliniarifu kwamba ua ule ulifagiwa kila alfajiri kwa siku nane.

Nilimwambia, "Nisamehe, mama, nimekuchosha kwa kungoja."

Alinijibu, "Sikuchoka, mwanangu. Lau ningaliacha kufagia, ungalikuta nyumba ya mtu aliyekata tamaa."

Tangu siku hiyo nimeielewa vizuri zaidi ile methali isemayo, mgeni njoo, mwenyeji apone. Aghalabu twaitaja kwa mzaha, tukimaanisha kwamba mgeni akija watoto watapata kitoweo. Lakini wahenga hawakusema mwenyeji ale, walisema apone. Waliona kwamba mwenyeji ana ugonjwa wake, na kwamba kule kujitayarisha kumpokea mwingine ni sehemu ya tiba. Mama yangu hakufagia ua kwa ajili ya jogoo. Alikuwa akiulinda moyo wake usinikatie tamaa.

Hata hivyo, lazima nitahadharishe. Neno subira, tulilolipokea kutoka Kiarabu, limetumiwa vibaya sana katika nchi hii. Wakimbizi wa ndani waliofurushwa makwao baada ya uchaguzi wa 2007 waliambiwa wasubiri. Mkulima anayedai malipo ya miwa yake huambiwa asubiri, na kijana aliyehitimu huambiwa subira huvuta heri. Wanaosema hivyo aghalabu ni watu ambao wenyewe hawasubiri chochote. Je, Majilio nayo ni wimbo wa kuwabembeleza maskini walale? La hasha! Kiongozi wa msimu huu ni Yohana Mbatizaji, ambaye umati ulipomwuliza ufanye nini, hakuwaambia watulie. Kwa mujibu wa Injili ya Luka, alimwagiza mwenye kanzu mbili amgawie asiye nayo, watoza ushuru wasizidishe kiwango, na askari wasimnyang'anye mtu mali yake. Matayarisho ya njia ya Bwana yalikuwa nguo, ushuru na rushwa. Anayeamrishwa hapo ni yule mwenye uwezo wa kuwangojesha wengine.

Kuna pia wale ambao hawana uwezo huo kabisa. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kilutheri aliyempinga Hitler, aliandika barua kutoka gereza la Tegel, Berlin, mnamo Novemba 1943, akilinganisha maisha ya korokoroni na Majilio: mfungwa hungoja, hutumaini, hufanya hili na lile, lakini mlango umefungwa na unaweza kufunguliwa kutoka nje tu. Hakufunguliwa. Alinyongwa Aprili 1945, majuma machache kabla ya vita kumalizika Ulaya. Mfano wake hunifanya nijihoji. Iwapo mlango wa ukombozi wetu hufunguliwa kutoka nje, mingapi ni milango ya wengine ambayo ufunguo wake uko mfukoni mwangu? Mama yangu alikuwa nyuma ya mlango wa namna hiyo kwa siku nane, na ufunguo nilikuwa nao mimi.

Lile shada la mishumaa minne tuwashayo kanisani, mmoja kila Jumapili, lina asili inayofanana na hayo. Mnamo 1839, mjini Hamburg, Ujerumani, mchungaji Johann Hinrich Wichern alikuwa akilea watoto wa kimaskini waliokuwa wakimwuliza kila siku kama Krismasi imefika. Alichukua gurudumu akaweka juu yake mishumaa, midogo kwa siku za kawaida na minne mikubwa kwa Jumapili, ili watoto waone kwa macho yao jinsi nuru inavyoongezeka. Hakuwaambia wanyamaze, wala hakuwapa Krismasi kabla ya wakati. Aliwafunza kuhesabu.

Nasi tujifunze kuhesabu. Sipendekezi kwamba maduka yazime nyimbo zao. Mfanyabiashara hufanya biashara. Napendekeza kwamba kila Mkristo anayeifuata kalenda hii atumie majuma hayo manne kuorodhesha watu anaowangojesha: mfanyakazi wa nyumbani ambaye mshahara wake haujalipwa, ndugu ambaye hawajazungumza naye tangu mgogoro wa shamba, mwanafunzi ambaye kazi yake imelala mezani kwa mhadhiri tangu Septemba, mzazi anayefagia ua. Awafungulie mmoja mmoja kabla ya mshumaa wa nne kuwashwa. Akifanya hivyo, ataweza kusema njoo bila kujidanganya, na mgeni akibisha hodi, atamkuta mwenyeji yu macho.