Gari la marehemu baba lisiuzwe kwa kilo

GIHUNDWE, Rusizi – Mzee anapofariki dunia, shamba hugawanywa kwa vipimo na ng'ombe kwa hesabu. Gari bovu lililoegeshwa nyuma ya nyumba halina kipimo wala hesabu. Iwe ni Volkswagen ya mgongo wa duara au Peugeot 404 iliyokalia rimu, ndugu hutazamana wakiulizana nani alichukue. Jibu la haraka ni mnunuzi wa chuma chakavu. Atalipima kwa kilo, atalipa, na jioni hiyo hiyo litakuwa limeondoka.

Jibu la pili linachukua miezi, wakati mwingine miaka: familia kulifufua gari hilo kwa mikono yake. Kwa wakazi wa Gihundwe, sekta inayopakana na mji wa Kamembe na isiyo mbali na daraja la kuingia Bukavu, jibu hilo linawezekana kuliko wengi wanavyodhani. Lakini linaanzia mezani, kabla spana haijaguswa.

Jambo la kwanza ni kujua gari ni la nani. Nchini Rwanda, tangu sheria ya mwaka 1999, mtoto wa kike ana haki sawa na wa kiume katika urithi wa wazazi. Kwa hiyo kaka mkubwa anayekaa na ufunguo si lazima awe ndiye mwenye gari. Familia ikianza kutoa fedha kabla ya kukubaliana, kila boliti jipya litakuja kuwa chanzo cha ugomvi. Ni busara kuandika mapema nani anatoa nini, kadi ya gari itabadilishwa kwa jina la nani, na kama siku moja litauzwa, mapato yatagawanywaje. Dada aliyechangia kununua breki awe na sauti sawa na kaka aliyezifunga.

Afrika Mashariki ina mfano mkubwa wa ndugu waliofanya maajabu kwa gari lililokwisha kutumika. Mwaka 1965, Joginder Singh na mdogo wake Jaswant, wote wa Kenya, walishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki wakiwa na Volvo PV544. Gari hilo halikuwa jipya. Lilikuwa limeshiriki mashindano ya mwaka 1964 chini ya timu ya kiwanda, kisha ndugu hao wakalinunua na kuliandaa upya. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva maarufu, na alishinda tena mwaka 1974 na 1976.

Mashindano hayo yenyewe yalikuwa ya kanda. Yalianza mwaka 1953, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika, na yalijenga sifa za magari ambayo leo yanarithiwa. Volkswagen ndogo ilishinda mara nne kati ya mwaka 1953 na 1962. Peugeot 404 nayo ilishinda mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968. Mrithi wake, Peugeot 504, aliwahi kuunganishwa Mombasa. Ndiyo maana anayetafuta vipuri vya magari hayo hana sababu ya kuanzia Ulaya.

Hata hivyo, kuna mpaka mmoja ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki haijaufuta: upande wa usukani. Rwanda, Burundi na Kongo huendesha kulia, na usukani huwa kushoto. Kenya, Uganda na Tanzania ni kinyume chake. Fundi wa Gihundwe anaweza kufunga pistoni, kabureta, klachi au fani beriti kutoka gari la Nairobi bila shida, mradi ni za modeli na injini ile ile. Lakini boksi la usukani, dashibodi na mikono ya waipa havitamfaa. Taa za mbele pia zina mtego: zile za nchi zinazoendesha kushoto humulika zaidi upande wa kushoto wa barabara, na zikifungwa Rusizi zitampiga machoni dereva anayekuja. Kwa vipuri hivyo, soko la Bukavu au Bujumbura linafaa kuliko la Nairobi.

Baada ya hapo ndipo kazi yenyewe inaanza, na hapa familia nyingi hukosea mpangilio. Kinachovutia ni rangi, kwa hiyo fedha za kwanza humalizikia kwa mpiga rangi. Mwaka ukipita, kutu huchomoza tena. Rangi ni kazi ya mwisho. Ya kwanza ni kulala chini ya gari na kugonga chuma kwa bisibisi. Mahali inapozama, pamekwisha. Kwenye Volkswagen ya zamani, betri hukaa chini ya kiti cha nyuma, na tindikali yake hula sakafu bila mtu kuona. Habari njema ni kwamba bodi yake imefungwa kwenye sakafu kwa boliti, na injini yake inashikwa na boliti nne kuu tu. Ni gari linalomfundisha anayeanza.

Kila kinachofunguliwa kipigwe picha, na boliti zake ziingie kwenye mfuko wenye maandishi. Kazi hiyo wanaiweza watoto, na ndiyo inayookoa wakati wa kufunga. Lakini watoto wakae mbali breki zinapofunguliwa. Viatu vya breki vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto, madini yale yale ambayo Rwanda imekuwa ikiyaondoa kwenye mapaa ya nyumba. Vumbi lake husababisha saratani. Lisipulizwe kwa hewa. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji, na kitambaa hicho kitupwe.

Suala jingine ni mafuta. Magari ya miaka ya sitini na sabini yalitengenezwa wakati petroli ilikuwa na risasi, ambayo pamoja na mengine ililinda viti vya valvu. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli hiyo kufikia mwaka 2006, kwa manufaa ya afya za watu. Baadhi ya injini za zamani huumia polepole zikitumia petroli ya sasa. Kwa hiyo kichwa cha injini kikifunguliwa, fundi aulizwe kuhusu kuweka viti vya valvu vya chuma kigumu, kazi ambayo ni rahisi zaidi kuifanya wakati huo kuliko baadaye. Mabomba ya mpira ya petroli nayo yabadilishwe yote. Mpira uliokaa miaka ishirini hupasuka, na gari huungua.

Hesabu ya fedha isifichwe. Gari kama hili mara nyingi hugharimu zaidi ya bei litakaloweza kuuzwa, na familia inayotarajia faida itavunjika moyo katikati. Inayobaki ni ile iliyopanga kutumia kiasi inachokimudu kila mwezi, kikiisha kazi inasimama, bila mkopo. Kinachopatikana hakiko kwenye bei tu. Ni kijana anayejua breki inavyofanya kazi, na ndugu waliozoea kukutana kwa jambo lisilo msiba.

Siku injini itakapoitika, safari ya kwanza isiwe ya Kigali. Barabara hiyo hupanda na kushuka ndani ya msitu wa Nyungwe, na gari lisilozoeleka litachemka au kuchoka breki humo. Iwe hadi Kamembe na kurudi, kisha kila nati ikazwe upya.