"Hat" na "Cap": Kofia Zote Si Sawa

Katika Kiswahili neno kofia linatutosha. Baraghashia ya mzee ni kofia. Ile ya askari wa trafiki ni kofia. Na ile iliyosukwa kwa ukindu, anayoivaa mkulima shambani, nayo ni kofia. Tukitaka kuzitenganisha tunaongeza tu neno la pili: kofia ya pama, kofia ya sufu, kofia ya chuma.

Waingereza wao wana maneno mawili, "hat" na "cap". Wengi walioanza kujifunza Kiingereza baada ya kuhitimu kisomo hudhani maneno hayo yana maana moja. Sivyo. Na asiyejua tofauti yake anaweza kupata hasara, tena hasara ya afya.

Tofauti iko wapi?

Itazame kofia chini, pale inapokutana na kichwa. Je, ina ukingo unaozunguka pande zote, mbele, nyuma na ubavuni? Kama unao, hiyo ni "hat". Pama ni "hat". Wazee wengine huiita chepeo, neno tulilolipata kwa Wareno.

Sasa "cap" ni kofia inayokaa karibu na kichwa. Haina ukingo wa kuzunguka. Ama haina kitu kabisa, kama baraghashia, ama ina kipande kimoja kinachochomoza mbele mithili ya mdomo wa bata. Kofia ya trafiki ni "cap". Ile ya vijana wanayoiita kapelo pia ni "cap".

Lakini tuwe waangalifu. Neno "hat" hutumika pia kama jina la jumla la kofia. Kofia ya sufu ya kuzuia baridi haina ukingo, lakini Waingereza huiita "hat". Wamarekani nao mara nyingi huiita hata kapelo "hat". Basi shika hili: "cap" inaweza kuitwa "hat", lakini pama haiitwi "cap".

Kwa nini tujali?

Tuseme kikundi chenu kinaomba msaada wa kofia 40 za watoto wenye ualbino walioko shuleni. Fomu imeandikwa kwa Kiingereza. Katibu anajaza "caps 40". Mzigo unafika, mnafungua, ni kapelo tupu! Aliyezileta hana kosa, maana ameleta alichoombwa. Lakini kapelo hutia kivuli usoni tu. Masikio yako nje, shingo iko nje.

Ngozi ya mtu mwenye ualbino ina rangi kidogo sana ya kuikinga na jua. Huungua upesi, na kuungua huko mwaka baada ya mwaka kunaweza kuleta saratani ya ngozi. Mara nyingi saratani hiyo huanzia sehemu za kichwa na shingo: usoni, midomoni, masikioni. Kwa hiyo kofia ya mtoto huyo isichukuliwe kuwa pambo. Ni kinga.

Katika fomu kama hiyo andikeni "wide-brimmed hats", yaani kofia zenye ukingo mpana. Ukingo uwe na upana wa sentimeta 7 na nusu au zaidi, karibu na vidole vinne vya mtu mzima vikiwekwa pamoja. Kofia iwe ya kitambaa kizito, au iwe imesukwa kwa kubana. Inyanyue juani uitazame kwa ndani. Ukiona vitundu vya mwanga, jua litapita humo humo.

Hata hivyo kofia peke yake haitoshi. Mtoto avae nguo za mikono mirefu, apakwe mafuta ya kukinga jua, na akae kivulini jua linapokuwa kali. Akiwa na kidonda kisichopona kwa mwezi mmoja, msingoje, mpelekeni hospitali.

Maneno haya katika mpira

Wapenzi wa mpira huyasikia maneno haya redioni. Mtangazaji akisema mchezaji ana "caps 50", maana yake ameichezea timu ya taifa mara 50. Mwaka 1886 chama cha mpira cha Uingereza kilikubali kuwapa wachezaji wa timu ya taifa kofia ya heshima, na jina hilo likabaki mpaka leo.

Na "hat-trick", yaani mchezaji mmoja kufunga magoli matatu katika mechi moja, ilianzia kwenye kriketi. Inaelezwa kwamba mwaka 1858 huko Uingereza, H. H. Stephenson aliwatoa wapigaji watatu kwa mipira mitatu mfululizo. Watu wakachanga fedha, akanunuliwa "hat".

Maswali ya kujipima

1. Baraghashia ni "hat" au "cap"? Kwa nini?
2. Kapelo huacha sehemu zipi za kichwa na shingo bila kivuli?
3. Chukua kofia unayovaa shambani, upime ukingo wake kwa vidole. Je, vinatimia vinne?

Majibu ya maswali mawili ya kwanza yamo humu humu. La tatu unalo wewe mwenyewe nyumbani. Na kama jirani yako ana mtoto mwenye ualbino, msomee ukurasa huu, kisha mpime kofia ya mtoto pamoja.