Kumtunza Mwokoaji wa Kiraia: Funzo la Hanang

Mwokoaji wa kiraia ni mtu asiye askari wala mzimamoto anayeshika kazi maafa yanapotokea: kijana wa kitongoji mwenye chepe, dereva wa trekta, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mama anayepikia waliokosa makao. Jumapili ya Desemba 3, 2023, sehemu ya Mlima Hanang, mkoani Manyara, Tanzania, iliyoshiba maji ya mvua ilimeguka, na tope lenye mawe na magogo likashukia Katesh, Gendabi na Jorodom. Watu wapatao 89 walifariki. Katika maafa ya namna hii mkono wa kwanza ni wa jirani, naye huenda anamchimbua ndugu yake. Ni mwokoaji na mwathirika kwa wakati mmoja.

Matunzo yake huanza kabla ya mvua. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inatambua kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji. Kamati hizo, Hanang na katika miteremko ya Mbulu, ndizo zinazofaa kuweka daftari la watu wa kujitolea na ujuzi wao. Daftari lina uzito, kwa kuwa fidia ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) hufuata ajira. Anayejitolea akivunjika mguu hana mwajiri wa kumdai, hivyo daftari ndilo linaloonyesha kwamba alikuwa kazini.

Wakati wa kazi, hatari kubwa imo ndani ya tope. Msumari uliofukiwa huleta pepopunda. Maji yenye mkojo wa wanyama hupitisha homa ya mgunda, iliyozuka wilayani Ruangwa mwaka 2022, kupitia mchubuko mdogo tu. Kwa hiyo mchimbaji anahitaji buti za mpira, glovu, chanjo ya pepopunda, maji safi ya kunawa, chakula, na zamu fupi.

Moyo nao huumia. Huduma ya kwanza ya kisaikolojia ina hatua tatu: kuangalia, kusikiliza na kuunganisha. Aliyebeba maiti halazimishwi kusimulia. Hukaliwa karibu, akisema husikilizwa. Kukosa usingizi, kushtuka mvua inaponyesha au kuzidisha pombe kwa zaidi ya mwezi ni dalili za kumpeleka hospitali.

Urejeshaji huchukua muda mrefu kuliko uokoaji: nyumba za waathirika wa Hanang huko Waret zilijengwa kwa miezi mingi. Daftari lile lile hutumika kuwatembelea waokoaji baada ya wiki, mwezi na mwaka.