GM yaachana na teksi zisizo na dereva

KAMPUNI ya magari ya General Motors (GM) ya Marekani ilitangaza Desemba 10, 2024 kuacha kugharimia teksi zisizo na dereva za kampuni yake tanzu, Cruise, baada ya kutumia zaidi ya Dola bilioni 10 tangu ilipoinunua mwaka 2016.

Mambo yaliharibika Oktoba 2023 jijini San Francisco, gari la Cruise lilipomburuta mtembea kwa miguu aliyekuwa amegongwa na gari jingine. Jimbo la California likasimamisha vibali.

Nguvu zikaelekezwa kwenye Super Cruise, mtambo unaomsaidia dereva kwenye barabara kuu huku kamera ikichunga macho yake. Haina mbwembwe, lakini mnunuzi huilipia. Teksi zilikuwa zikila mtaji tu. GM ilitarajia kupunguza matumizi kwa zaidi ya Dola bilioni moja kwa mwaka.