Injini za Magavana

Wengi wetu huivuka reli karibu na mfereji wa Nakivubo, tusifikirie ni injini gani zilizopata kufika Kampala. Ninyi mliomaliza shule zamani huenda mliziona. Nataka kuzieleza zile za aina ya 60.

Shirika la Reli za Afrika Mashariki liliagiza injini 29 kwa kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester, katika miaka ya 1950; 12 za kwanza ziliundwa Ufaransa kwa niaba yake. Shida ilikuwa njia yenyewe. Reli zetu ni za upana wa mita moja tu, na mahali pengi zilikuwa nyepesi. Tena kutoka Nakuru njia hupanda kwa kona nyingi mpaka Timboroa, zaidi ya futi 9,000 juu ya bahari, ndipo iteremke kuja Tororo na Jinja. Injini nzito ya kawaida ingeziumiza reli. Nyepesi isingeweza mlima.

Dawa yake ilikuwa Garratt. Wafikirie watu wawili wamechukua machela: mmoja mbele, mmoja nyuma, na mgonjwa katikati. Mgonjwa ndiye boila, na wachukuzi ni vigari viwili, kila kimoja na silinda zake na magurudumu 14, manane yakiwa ya kuvuta. Hivyo uzito hutandazwa juu ya magurudumu 28, na penye kona kila kigari hugeuka kivyake. Kwa kuwa chini ya boila hapana magurudumu, iliweza kufanywa nene, na tanuri lake likawa na kina. Moto ulikuwa wa mafuta mazito, si wa kuni.

Sasa majina. Kila injini ilipewa jina la gavana wa Kenya, Tanganyika au Uganda. Namba 6001 iliitwa Sir Geoffrey Archer, aliyepata kuwa Gavana wa Uganda. Baadaye vibao vyote viliondolewa. Mtu aweza kusema kwamba huko ni kufuta historia; mimi sikubali. Mzigo ulikuwa pamba na kahawa ya wakulima, na waliochochea moto hawakuandikwa popote. Namba ilitosha.

Shirika lile lilivunjika mwaka 1977. Injini 6006, iliyoitwa Sir Harold MacMichael, iliwekwa katika Makumbusho ya Reli, Nairobi. Atakayefika huko ainame atazame chini, pale boila inapokaa juu ya egemeo la kigari cha mbele.